Programu yangu ya kusafisha diski iko tayari, ni bure

Jamani hatimaye nimeiachia ile programu ya kusafisha diski, ni bure kabisa na msimbo wote uko wazi chini ya leseni ya GPL, chukua, soma, badilisha utakavyo.

Kazi nzito ilikuwa kusaka mafaili yaliyojirudia, maana jina halisaidii kitu, picha ileile unaikuta na majina matatu, kwa hiyo inaanza na ukubwa, faili ambalo halina mwenzake linaachwa hapohapo, yale yanayolingana ndo yanasomwa na kupigiwa hesabu ya SHA-256, yaani alama kama ya kidole inayotokana na yaliyomo ndani ya faili, hata baiti moja ikitofautiana inaonekana. Ndo maana ina spidi, haisomi diski nzima bure.

Keshi za brauza, yaani nakala za kurasa ulizofungua, na mafaili ya muda nayo inayaonyesha. Ila haifuti chochote mpaka wewe ukubali, na hata ukikubali inapeleka kwanza kwenye pipa la taka, nafasi inarudi ukishalimwaga. Hapo sibadilishi hata mkiniomba vipi, picha za mtoto wa mtu zikipotea unamrudishiaje?

Sasa hivi nashughulikia folda za node_modules, zile za vifurushi vya miradi ya JavaScript, zinajaza diski balaa, anayejua lugha ya Python karibu tusaidiane.