Mkate na gudulia la maji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne jioni nilikuwa kwenye bodaboda, Barabara ya Mandela, tunakaribia Tabata. Lori likatukatia mbele ghafla. Hatukuguswa. Lakini niliposhuka na kutaka kumlipa kijana kwa simu, namba ya siri nikaikosea mara mbili, vidole vinacheza. Hatari ilishapita, mwili haujapata habari.

Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo, zimekaa kama kofia. Ubongo ukishtuka hupiga mbiu kupitia mishipa ya fahamu, na ndani ya sekunde tezi hizo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakimbia, ini linatoa sukari, tumbo linasimama kazi. Husubiriwi wewe utoe amri. Tumeumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha, anasema mtunga Zaburi, na mimi Jumanne nilikutana na hiyo ya kutisha.

Nilitaka niandike juu ya utulivu. Roho amenirudisha kwa dada mmoja wa ushirika wetu.

Mwaka jana alikuja analia: moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, halali, anakonda. Tukamzunguka. Mimi mwenyewe nilimshika kichwa, nikakemea roho ya hofu mpaka saa nane usiku. Alivyozidi kutetemeka ndivyo tulivyopandisha sauti. Baadaye kipimo cha damu kikaonyesha tezi ya shingo inatoa homoni kupita kiasi. Akaanzishiwa vidonge. (Na Mungu anaponya kwa vidonge pia, tuache kunong'ona.)

Jamani, tumeumiza watu! Mtu hajalala siku nne, sisi tunamwita kwenye mkesha. Akisema anaogopa, tunamwuliza ni dhambi gani hajaitubu. Nabii Eliya alipomkimbia malkia Yezebeli akajilaza chini ya mti wa mretemu, anaomba afe, malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwambia ale. Mkate wa makaa, gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaguswa tena, akala. Mungu alipokuja kumwuliza anafanya nini hapa, ilikuwa mlima Horebu, siku 40 baadaye.

Ijumaa nilikwenda kumwomba msamaha. Nikamkuta anageuza vitumbua. Akacheka, akafuta mikono kwenye khanga.

"Mama Mchungaji, usiku ule koo lilinikauka! Nilikuwa nawaza tu, nani atanipa maji."