Mhojiwa Namba Saba

Hii ilikuwa Aprili 2018, masika yenyewe ya Moshi, ile mvua inayoanza usiku wa manane na mpaka saa nne asubuhi bado inadondoka tu haina haraka na mtu. Nilikuwa nimemwachia supavaiza wangu chapta ya tatu wiki moja kabla, akanitumia meseji fupi: njoo uchukue, uje na muda. Sasa wewe mwanafunzi wa masta ukiambiwa na supavaiza uje na muda unajua kabisa hujaitiwa chai.

Tulikuwa tunamwita Dokta tu. Mama mmoja mpole, hapandishi sauti hata siku moja, na kwangu hilo ndilo lilikuwa tatizo maana mtu anayefoka angalau unajua akishamaliza amemaliza. Yeye anauliza swali moja halafu anakuangalia. Anasubiri. Unaweza kusikia saa ya ukutani.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya mfereji mmoja wa asili kule Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mfongo kama wanavyouita wenyewe, jinsi watu wanavyogawana maji wakati wa kiangazi na kinachotokea pale taratibu zao za zamani zinapokutana na kibali cha kutumia maji, kile kilichowekwa na sheria ya maji ya 2009 ambacho watu wa bonde la Pangani wanakiomba kwenye bodi hapo hapo Moshi mjini. Mada nilikuwa naipenda kwelikweli. Kilichokuwa kinanishinda ni chapta ya tatu, metodoloji, pale unapoeleza utafiti umeufanyaje, na siri yangu ni kwamba ile chapta sikuiandika, niliishona. Kuna kaka alimaliza miaka miwili kabla yetu, dissertesheni yake ilikuwa inazunguka kwenye flashi za watu wote, basi nikachukua muundo wake, nikabadilisha wilaya, nikabadilisha "wafanyabiashara" nikaweka "wakulima", na kila nilipokwama nikabandika Kothari (2004). Waliosoma huku kwetu wanamjua Kothari, yule wa kitabu cha mbinu za utafiti. Ni kama baba mdogo wa ukoo mzima, kila shughuli yupo, hakuna anayekumbuka alialikwa na nani.

Nilifika nimelowa hadi soksi. Shikamoo Dokta, marahaba mdogo wangu, kaa. Akanisukumia zile karatasi na nilichoshangaa hazikuwa na wino mwekundu kama nilivyoogopa. Kurasa kumi na nne zote safi isipokuwa sehemu mbili, pembeni ameandika kwa penseli. Ya kwanza: kwa nini 92? Ya pili: umekisoma?

Akaanza na ya kwanza. Nikamwambia Dokta ni fomula ya sampo, ya kujua uhoji watu wangapi. Fomula gani? Nikamwandikia palepale, idadi ya watu wote gawanya kwa moja jumlisha idadi mara 0.05 kipeo cha pili, daftari la mfereji lina majina 120, kwa hiyo 120 gawanya kwa 1.3, unapata 92.3.

"Hiyo nukta tatu ni mtoto?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza 0.05, kile kiasi cha kukosea kinachoruhusiwa, nimeitoa wapi, nikasema ndio inatumika. Inatumika na nani? Kimya. Saa ya ukutani ikafanya kazi yake. Akageuza ukurasa akaniwekea kidole pale nilipoandika kwamba nililenga watu 92 nikawapata 58, walioitikia ni asilimia 63. Akauliza wale 34 wengine ilikuwaje, walikataa?

Hapo ndio ikabidi niseme ukweli kuhusu daftari. Lile daftari analo katibu wa mfereji, ni kaunta buku kubwa limejaladiwa kwa karatasi la mfuko wa saruji, majina yamepangwa kwa mwandiko wa watu watatu tofauti maana makatibu wamepokezana, na pembeni ya kila jina kuna safu ya tiki za siku za kusafisha mfereji na faini za waliokacha. Siku ya kwanza kukaa nalo niliona misalaba midogo ya kalamu ya bluu pembeni ya majina mengi nikadhani ndio wale wadaiwa sugu. Katibu akaniambia hapana binti, hao tumewazika. Robo ya daftari nzima ni marehemu, hawakufutwa kwa sababu zamu ya maji inabaki kwa jina la mwenye kihamba, lile shamba la ukoo, hata akifa. Wengine wameandikiwa "Dar". Mmoja ameandikiwa "Dar" halafu msalaba. Na wanaoteremka kweli kufungua maji saa kumi na moja alfajiri wakiwa na jembe na kanga kiunoni ni wajane, wake, na mabinti waliorudi nyumbani, na hakuna hata mmoja wao aliyemo kwenye lile daftari.

Dokta akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kwa upole uleule, "Kwa hiyo unalalamika marehemu hawakuitikia dodoso."

Nilitamani ningekuja na jani la isale mkononi nimwombe radhi kimila kabisa yaishe.

Ila ndipo akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikutana na mwanafunzi anayelia na metodoloji namfanyia. Akageuza ukurasa wangu upande wa nyuma, mweupe, akachukua penseli akasema haya funga hilo lidude lako, usiniambie Kothari, usiniambie nani, niambie kama unamwambia mama yako nyumbani: hao 58 uliwapataje? Nikaanza kueleza. Kwamba nilipoona daftari halifai nilikaa kwenye matoleo ya maji zamu nzima, tangu ilipoanza kwa wa juu mpaka ilipomrudia tena wa juu, karibu wiki tatu za Januari na Februari wakati maji ni ya kugombania, na kila aliyekuja kufungua zamu nilimwomba tuongee, awe ni jina au siyo jina, na waliokuja ni 63, watano wakakataa. Na kwamba zamu za usiku sikuzifikia kwa sababu ni mwanamke peke yangu na mwenye nyumba niliyofikia alikataa kabisa nisitoke, kwa hiyo wanaonyweshea usiku nimewakosa, na inawezekana ndio wenye mambo. Na kwamba wale kumi na mmoja niliokaa nao kwa mahojiano marefu niliwachagua makusudi, kiti cha mbele na kiti cha nyuma kama wanavyosema, yaani wa juu kabisa kwenye chanzo na wa chini kabisa ambako maji yanafika yamechoka.

Naongea yeye anaandika. Nilipomaliza akanipa ile karatasi. Alikuwa ameandika maneno yangu yaleyale, hajayapamba, ameweka tu namba kwenye vituo. "Hiyo ndio chapta ya tatu," akasema. "Ile uliyoniletea ni ya mtu mwingine." Nikahisi joto masikioni maana sikujua kama alikuwa anasema kwa mfano au anaijua ile flashi.

Swali la pili nikajua siponi. Umekisoma? Akanyoosha mkono kwenye shelfu akanishushia Kothari mwenyewe, kitabu, kimechakaa pembeni, nami ndio mara yangu ya kwanza kukishika kwa mikono yangu baada ya kumtaja mara 9 kwenye kurasa 14. Akaniambia nitafutie humo fomula yako, akaendelea kusahihisha mitihani. Nilitafuta karibu nusu saa. Fomula za ukubwa wa sampo zimo, ila siyo ile yangu, zile zina z na p na q. Ile yangu kumbe ni ya Taro Yamane, kitabu cha 1967, mimi nimemnyang'anya nikampa jirani. Na kumbe hata Yamane ukimtumia unatakiwa uwe na orodha inayoeleweka ya watu unaowachagua kwa bahati nasibu, kitu ambacho daftari la marehemu haliwezi kukupa. Kwa hiyo nilikuwa nimemtaja mtu asiye mwenyewe kwa kazi ambayo hata mwenyewe asingeikubali, na kaka wa flashi naye nina uhakika alikopi kwa mwingine, na huyo kwa mwingine, na hakuna aliyefungua kitabu.

Nikajaribu kujiokoa na wale kumi na mmoja. Nikasema Dokta kuna tafiti ya Guest na wenzake ya 2006 inasema mahojiano 12 yanatosha, mimi nina 11, nimebakiza moja tu. Akaniuliza walihojiwa kina nani. Hii bahati nzuri niliisoma kweli, walikuwa wanawake 60 wa Ghana na Nigeria, na mambo mengi waliyaona yameshatokea ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo. Na wanawake hao walikuwa wanafanana au wametofautiana? Wanafanana, nikasema, na wenyewe wameandika kwamba kundi likiwa la watu mchanganyiko namba hiyo isichukuliwe kama sheria. "Na wako?" Wangu kuna mzee wa miaka themanini na mbili na kuna binti wa ishirini na nne aliyepanda parachichi. Basi andika hivyo, akasema. Andika kwamba kuanzia mahojiano ya tisa habari za zamu na faini zilianza kujirudia, ila habari za kibali kila mtu alikuwa na yake mpaka wa mwisho, na usijifanye umefika mahali ambapo hujafika.

Nilikuwa nimeshasimama kuondoka, nafunga makaratasi kwenye mifuko miwili ya rambo, ndio nikaropoka kuhusu meku, mzee wangu wa Kichaga. Huyo wa miaka themanini na mbili, Mhojiwa 7. Nilikaa naye jumla kama saa nne, siku mbili, akanionyesha mahali babu yake na watu wa ukoo walipopitisha maji kwenye ukingo wa mwamba, akaniambia nani alikuwa anafungua mfereji kwanza na kwa nini. Nusu ya chapta ya nne ni yeye. Siku namsomea fomu ya ridhaa, pale panaposema jina lako halitatajwa, alisaini ila akanuna. Akaniambia babu yangu amechimba huu mfongo, wewe unaenda kuniandika namba? Na mimi naona kabisa hana kosa. Kothari wa New Delhi ambaye sijamsoma nimempa jina na mwaka na mji, meku aliyenipa ndizi na mtori na habari yote nimempa 7.

Dokta akakaa kidogo. Akasema huyo siyo chanzo cha kuweka kwenye orodha ya marejeo, huyo ni data yako, na hata angekuwa mazungumzo ya kawaida tu yangetajwa ndani ya maandishi basi, kwenye orodha hayaingii kwa sababu msomaji hawezi kwenda kuyatafuta. Ila fomu ulimsainisha wewe. Akitaka jina lake litokee, rudi kwake na fomu mpya, na umweleze kila kitakachokaa chini ya jina hilo. Kila kitu, mdogo wangu, siyo habari za babu tu.

Jumamosi nikapanda Hiace ya Uru, tumebanana, matope mpaka kwenye siti. Nikamkuta meku kwenye kibaraza anamenya ndizi. Nikamsomea kurasa zote zenye maneno yake, nikitafsiri palepale, akawa anaitikia tu eeh, eeh, ndivyo, mahali pamoja akanisahihisha jina la kijito. Tukafika pale alipoeleza jinsi mtu mmoja wa chini anavyopanda usiku kuchepusha maji kwa majani ya mgomba na tope, na anavyojulikana, na kwa nini hajawahi kulipa faini. Nikanyamaza. Nikamwambia meku, nikiweka jina lako, na hili linakuwa na jina lako.

Akaweka kisu chini. Akaangalia upande wa kule chini, kwenye migomba.

"Hicho kitabu kitakaa wapi?"

Chuoni, maktaba.

"Mtoto wake anasoma hapo hapo."

Akaendelea kumenya. Ndizi mbili, tatu. Mvua ikaanza tena kwenye bati. "Basi acha namba," akasema. Nikashusha pumzi nikajua yameisha, nikaanza kukunja karatasi. "Lakini saba hapana. Namba moja ni nani?"

Namba moja alikuwa katibu, kwa sababu tu ndiye niliyeanza naye.

"Katibu! Yule mimi nimembeba mgongoni."

Nikarudi mjini usiku huohuo nikakaa na laptopu, nikamwambia mashine ibadilishe kila "Mhojiwa 7" iwe alama fulani, kila "Mhojiwa 1" iwe "Mhojiwa 7", halafu ile alama irudi kuwa "Mhojiwa 1". Dakika moja, imekwisha, nikajiona fundi. Sikukumbuka kwamba ndani ya Mhojiwa 10 na Mhojiwa 11 kuna 1 imekaa. Nilikuja kuziona wiki moja baadaye, nikazifukuza moja moja kwa macho nikadhani nimezimaliza.

Kwenye vaiva, ule utetezi wa dissertesheni mbele ya watahini, Oktoba, metodoloji haikuniletea shida hata kidogo, waliuliza kuhusu zamu za usiku nikawajibu kama nilivyomjibu Dokta. Mtahini wa nje alikuwa ameshafunga kalamu. Halafu akarudi nyuma kurasa kadhaa, akavaa miwani.

"Samahani, una wahojiwa kumi na mmoja. Huyu wa sabini na moja ni nani?"

Dokta akainama chini ya meza kuokota kitu ambacho sikukiona kikidondoka.