Machi yangu ya kwanza, Temeke

Mwaka 1994 nilipanda daladala kutoka Magomeni kwenda Temeke, tarumbeta langu nimelifunga kwa khanga ya mama, kwapani bahasha ya karatasi za machi, muziki wa gwaride, niliyoitunga mwenyewe. Konda akataka nilipie mzigo. Nikamwambia hii ni kazi, si mzigo. "Kazi nayo ina nauli," akasema. Nikalipa.

Kila karatasi nilikuwa nimeiandika kwa mkono, nyingine kwa kibatari. Wazee niliokuwa nawaendea walistaafu bendi za kijeshi; Jumamosi walifanya mazoezi chini ya mwembe, wakikodishwa harusini. Kiongozi wao aliitikia shikamoo yangu, akagawa karatasi, akainua fimbo.

Sijui niieleze vipi sauti iliyotoka. Mama aliyekuwa akikaanga mihogo upande wa pili aliacha, akasimama kutazama. Tuba na tromboni, doh yao, nota ya msingi ya wimbo, ilikuwa F kama nilivyokusudia. Matarumbeta na klarineti walikuwa E fleti. Horn, zile pembe za shaba zilizojikunja, zilinguruma huko chini kwenye B fleti, kila mtu akipiga kwa usahihi kabisa kile nilichomwandikia.

Mzee hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Aliazima tarumbeta la jirani yake, akapuliza sauti moja bila kubonyeza kitu.

"Hii kwenu mnaiitaje?"

"B fleti, afande."

"Ndivyo inavyolia. Ila kwenye karatasi sisi tunaiandika C. Nani kakufundisha, mwanangu?"

Nikamwambia: usharikani, kwa Walutheri. Wazee wakacheka, mmoja akasema "Wajerumani hao!" Nilidhani ananitania tu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokutana na habari za mchungaji Johannes Kuhlo, aliyetaka wapiga tarumbeta wa makanisa ya Ujerumani wasome nota kama zinavyolia, vilevile kama mpiga kinanda, ili kitabu kimoja cha kwaya kiwatoshe wote. Mwalimu wangu alifundishwa hivyo, nami nikafundishwa hivyo. Bendi za kijeshi zilirithi mtindo wa Waingereza: tarumbeta huandikiwa hatua moja nzima juu ya inavyolia, ili mtu akibadili chombo vidole visibabaike. Kwa kanisani, bado naona njia ya Kuhlo ni nzuri. Kwa Temeke ilinivua nguo.

"Matarumbeta na klarineti wapandishe, waandikie G," mzee alisema, akinirudishia bahasha. "Horn nazo zipandishe, mpaka C. Tromboni na tuba usiwaguse, hao hawana kosa." Kisha akanikalisha kwenye kiti cha tarumbeta la tatu, tukapiga machi za watu wengine mpaka magharibi, mimi nikihesabu vidole upya kama mtoto wa chekechea.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na karatasi mpya. Matarumbeta yalikaa sawa. Horn nilikuwa nimezishusha badala ya kuzipandisha.