Bahasha za kaki ndani ya debe: nilivyoirudisha mbegu yangu ya alizeti

Gunia la kilo 65 lilitoa lita 12. Nilimwomba fundi wa mashine apime tena, akapima, ikawa ile ile. Akachota konzi ya mbegu zangu kwenye gunia la pili, akaanza kuziminya moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyingine zilikuwa ngumu, nyingine zikabonyea kama karatasi.

"Mzee, hizi nyingi ni mapepe. Mashine yangu haikamui hewa."

Hiyo ilikuwa Juni 2017, wilayani Iramba, mkoa wa Singida, ambako alizeti ndiyo ada ya shule, bati la nyumba na mafuta ya jikoni. Mbegu yangu ilikuwa ya aina iitwayo Record, au tuseme ilikuwa Record zamani. Nilikuwa naichota kila mwaka kutoka kwenye ghala langu mwenyewe, kama miaka kumi na zaidi, bila kuibagua. Kwenye ungo ungeona nyeusi tii, za mistari, za kijivu, na nyeupe moja moja. Alizeti huchavushwa na nyuki, na nyuki hajui mpaka wa shamba. Kila aina iliyowahi kupandwa na majirani ilikuwa imeshaingia kwangu.

Ungeniuliza kwa nini sikununua chotara. Nilinunua mara moja. Ilizaa vizuri, mwaka uliofuata nikapanda watoto wake, na shamba likawa na warefu, wafupi, wenye kichwa kimoja na wenye matawi. Chotara hutengenezwa kwa kuoanisha koo mbili tofauti za alizeti, na upande wa mama ni alizeti isiyotoa chavua kabisa. Tabia hiyo ilipatikana na Mfaransa Leclercq mwaka 1969, na chotara nyingi za alizeti duniani zimejengwa juu yake. Nguvu ya chotara iko kwenye kizazi cha kwanza, kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Mimi duka la mbegu liko mbali na mfuko wangu uko karibu, nikaamua kuhangaika na kile nilichonacho.

Mwaka wa kwanza nilikosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni tamaa ya kichwa kikubwa. Nilipita shambani nikaweka alama kwenye vichwa 30 vilivyonijaza macho. Sikujiuliza vimesimama wapi. Vingi vilikuwa kando ya kichuguu, ambako udongo una rutuba kuliko kwingine kote, au pembeni mwa njia ambako mmea hauna jirani wa kugombania naye maji. Nilikuwa nachagua kichuguu, sichagui mbegu.

Kosa la pili lilikuwa la ujuaji. Ili chavua ya majirani isiingie, nilishona mifuko ya kitambaa chepesi, nikavifunika vichwa vyote 30 kabla havijafunguka. Mke wangu aliniangalia siku mbili tatu akasema shamba limekuwa kama msiba, vichwa vyote vimevaa sanda. Nilipovuna na kupepeta, karibu kila kitu kiliruka na upepo. Kichwa chenye upana wa sahani kilibaki na mbegu za kujaza kisoda. Alizeti za aina hii ya zamani hazikubali kirahisi chavua yao wenyewe. Ndani ya kila kiua kidogo chavua hutoka kwanza, na sehemu ya kike hujitokeza baadaye, na hata vikikutana, mmea huikataa chavua iliyotoka kwake. Kwa kuwafungia nyuki nje, nilikuwa nimejitengenezea mapepe kwa mikono yangu.

Agosti 2018 nikaenda Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, na vimfuko viwili vya mbegu mfukoni. Kwenye banda moja nikamkuta mtafiti aliyewahi kufanya kazi Ilonga, Kilosa, kwenye kituo cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kinachoshughulika na alizeti. Nikamsimulia habari ya sanda. Alicheka kwanza, halafu akavuta kiti.

"Mzee wangu, umeanzia mwisho. Kabla hujamfungia mlango jirani, mjue kwanza mwanao ni yupi."

Akanieleza habari za Mrusi aitwaye Pustovoit, wa Krasnodar, aliyeipandisha alizeti kutoka mafuta kama theluthi moja ya uzito wa mbegu mpaka karibu nusu, kwa miaka mingi ya kuchagua tu. Siri yake ilikuwa rahisi kiasi kwamba niliona aibu. Mbegu za kila kichwa unazigawa mafungu mawili. Fungu moja unapanda kwenye mstari wake ili ulione linavyozaa, fungu la pili unaliweka akiba. Mistari ikishasema ukweli, hutakiwi kuchukua mbegu kwenye mstari uliofanya vizuri, kwa sababu huo umechanua pamoja na mistari mibovu na nyuki wameshachanganya. Unarudi kwenye akiba. Ile haijakutana na mtu.

Nilirudi nyumbani na hesabu kichwani. Msimu wa 2018/19 niligawa robo ekari kwa kamba, vyumba vya hatua tano kwa tano, na katika kila chumba nikachagua mimea miwili iliyowashinda wenzake wanaokula udongo ule ule. Pembezoni sikugusa, kwenye kichuguu sikugusa. Nikapata vichwa 96. Nilikataa chenye shingo iliyokakamaa kikatazama juu, maana maji hutuama humo na kichwa huoza, na ndege hukipenda kama meza. Niliyemtaka ni yule anayeinamisha uso chini akishakomaa.

Kisha ikaja kazi ya kumenya, ambayo bado vidole vyangu vinaikumbuka. Mafuta ya alizeti yako kwenye kiini. Ganda lina mafuta kidogo mno ya kuhesabu. Kwa hiyo mtu asiye na maabara anaweza kujua mengi kwa kupima ganda tu. Kijana mmoja wa ukoo wetu hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo wa Sekenke, nikamwomba mizani yake inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Alinipa kwa sharti la jioni tu, maana mchana ina kazi.

Kila kichwa nilihesabu mbegu 100, nikapima, nikamenya, nikapima maganda. Kichwa namba 17, kile nilichokipenda kuliko vyote, mbegu zake ndefu za mistari, 100 zilikuwa na gramu 7.2. Maganda peke yake gramu 2.9. Asilimia 40 ya mbegu ile ni kuni! Namba 63 kilikuwa kichwa cha kawaida ambacho nusura nisikichukue, mbegu nyeusi fupi zilizoshiba: gramu 5.8, maganda gramu 1.4, yaani asilimia 24. Watoto walinisaidia kumenya mpaka wakaanza kujificha jioni. Vichwa 96 mara mbegu 100, hesabu mwenyewe.

Vilibaki vichwa 40. Nusu ya kila kimoja nikaitia kwenye bahasha ya kaki na namba yake, bahasha zote kwenye debe kavu lenye mfuniko, na majivu chini. Nilichelewa kufunika usiku mmoja tu, panya wakala bahasha tatu. Zikawa 37.

Msimu wa 2019/20 nikapanda mistari. Kila namba mara mbili, mstari mmoja juu ya shamba na mwingine chini, kwa sababu shamba langu lina mteremko na chini ndiko mbolea inakokimbilia. Nafasi ni sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kwa shimo. Hapa nikiri jambo. Sehemu ya mavuno niliyoyapata baadaye yametokana na kupunguza mimea shimoni tu, wala si uzao. Wengi wetu tunaacha mimea mitatu kwenye shimo halafu tunalaumu mbegu.

Mistari haikuwa na aibu. Namba 8, ambayo mama yake alikuwa na kichwa kikubwa kuliko wote waliobaki, ilizaa vichwa vidogo juu na chini. Namba 63 ilikuwa ya nne kwa uzito na ya kwanza kwa wembamba wa ganda. Namba 41 ilizaa sana lakini ikaanguka yote upepo wa Machi ulipopita. Nilivuna kila mstari kwenye mfuko wake, nikapima, nikamenya tena kidogo, na mwisho nikachagua namba tisa zilizo bora. Nilitamani kubaki na mbili bora tu. Nilikumbuka ile mifuko ya kitambaa nikaacha. Familia ikiwa ndogo mno, alizeti hukosa wa kuoana naye na mapepe hurudi.

Mazao ya mistari yote yakaenda mashineni, hata ya namba tisa zile. Nikafungua debe.

Sasa ndipo suala la jirani lilipokuja. Kwa mbegu safi ya alizeti hutakiwi kuwa na alizeti nyingine karibu, na umbali unaotakiwa ni wa kilomita, si wa hatua. Kijijini kwetu huo umbali haupo. Nikacheza na kalenda. Majirani hupanda mwisho wa Desemba na Januari. Mimi zile bahasha tisa nilizipanda zimechanganyika mwisho wa Novemba 2020, mvua za kwanza tu, na ndoo za maji ya kisima pale mvua iliposita. Zilichanua wakati za majirani ziko magotini. Kichwa hufunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati, siku nane hivi, na kwa siku hizo nyuki wa kijiji kizima walikuwa kwangu, hawana pengine pa kwenda. Njiwa nao hawakuwa na pengine. Nililinda kipande kile na debe tupu na fimbo kuanzia alfajiri, mwezi mzima.

Nilipata debe tatu za mbegu, karibu zote nyeusi. Msimu wa 2021/22 nilipanda ekari mbili. Zamani nilivuna magunia manne kwa ekari, safari hii saba na kidogo. Nikapeleka gunia moja kwa fundi yule yule, kilo 65, tukapima pamoja. Lita 17. Fundi alinung'unika kidogo: maganda yakiwa machache mbegu inateleza, mashine haishiki vizuri, ikabidi akaze na kupitisha mashudu mara ya pili.

Ubora wa mafuta nao ulibadilika, ingawa hapo sifa kubwa niipe turubai. Mbegu ikianikwa vizuri ikakauka kabla ya kwenda gunia, mafuta hayanuki uvundo. Kuna alizeti ambayo mafuta yake yana oleiki nyingi, yaani asidi ya mafuta isiyoharibika upesi kwenye kikaango. Ilianzia kwa Mrusi mwingine, Soldatov, mwaka 1976, aliyezitia mbegu dawa ya kubadili urithi wake. Hilo mizani ya dhahabu haiwezi kukuonyesha.

Watu wameanza kuja na sado kuomba mbegu. Ndugu nawapa. Kuuza kama mbegu siwezi, hiyo ni kazi yenye ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, na aina iliyosajiliwa, na yangu haina jina. Jirani wa upande wa mashariki nimempa debe zima bila kuomba. Yake ikifanana na yangu, nyuki wake hawanisumbui tena, na mwaka huu tumepanda wiki ile ile.

Namba 63 bado ina kiganja kimoja kwenye bahasha yake. Debe nimelitundika darini.