Simu chini kwenye intavyu, na nyie wa paneli pia

Jamani hii ishu ya simu kwenye intavyu imenikaa kooni siku nyingi, leo naisema. Vijana wakikaribia kumaliza chuo wanaambiwa vaa vizuri, wahi, zima simu, kaa wima, na ni sawa kabisa wafundishwe, lakini wale wa paneli, wanaokaa upande wa pili wa meza kuuliza maswali, nani anawafundisha? Mimi ndo nakaa huko, nipo idara ya rasilimali watu hapa Dar, kwa hiyo naongea ninachokiona.

Tuanze na msailiwa. Siku hizi intavyu haianzii mlangoni, inaanzia kwenye simu. Ukishatuma maombi, namba ngeni ikiita jua inaweza kuwa kazi, kwa hiyo pokea kwa salamu, taja jina lako, msikilize mtu. "Nani mwenzangu?" kwa rafiki yako haina neno, ila kwa mtu aliyekupigia kukuita kwenye usaili inasikika kama umemfokea, hasa ukiwa ndani ya daladala konda anagonga bati na wewe unapaza sauti. Hakuna aibu kusema "samahani dada, nipo kwenye gari, naomba nikupigie baada ya nusu saa", halafu upige kweli, sio kubip. Na namba ya kwenye CV iwe ile unayotembea nayo, sio laini ya zamani uliyomwachia mdogo wako Morogoro, maana tukipiga anapokea mtoto anasema kaka hayupo, na sisi listi bado ndefu tunaenda jina linalofuata.

Siku yenyewe zima simu. Zima kabisa, usiweke saileti, maana simu nyingi hata zikiwa saileti alamu inalia vilevile, na ukiweka vaibresheni juu ya meza ya mbao inanguruma chumba kizima. Ikitokea imelia omba radhi mara moja, izime bila kuchungulia nani anapiga, endelea na jibu pale ulipoishia. Mlio wenyewe tunausamehe, kinachoudhi ni kule kukata maneno usome kioo. Kama una mgonjwa Muhimbili au mkeo yuko leba, sema mapema ukiingia kwamba unaomba simu ibaki wazi, paneli yenye utu itakuelewa. Salamu wala zisikuumize kichwa, kama kuna mzee mpe shikamoo yake, wengine habari za asubuhi, basi.

Sasa paneli, na hapa ndo roho inaniuma.

Kuna usaili mmoja nilikaa pembeni ya bosi wa ofisi fulani, binti anaeleza jinsi alivyosaidia kufunga hesabu za mwaka mahali alipokuwa anajitolea, anaeleza vizuri tu, bosi simu iko mapajani kidole kinapandisha status za WhatsApp, mara akacheka kidogo. Binti akasita. Alidhani amechekwa yeye. Sauti ikashuka, jibu likaishia njiani, akasema "ni hayo tu". Kwenye fomu ya alama bosi akaandika "hajiamini". Nilisema palepale wakati wa kujumlisha alama kwamba hajiamini vipi na sisi ndo tumemkatisha, ukawa ubishi mkubwa, mimi alama zangu nikaziacha kama nilivyoziandika.

Hebu fikiria mtu amefikaje hapo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, ile ofisi ya serikali inayosimamia ajira za utumishi wa umma, ya kuita watu kwenye usaili huwa yanaandika wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi, aje na vyeti halisi na kitambulisho, na kampuni binafsi nyingi ni hivyohivyo hata kama haziandiki. Mtu anatoka Kigoma na basi, nauli amekopa kwa shangazi, analala kwa rafiki wa rafiki, halafu dakika zake ishirini unazigawa kati yake na grupu la harusi? Huo sio uungwana hata kidogo.

Kwetu sasa simu za paneli zinabaki mapokezi, mwenyekiti anaanza kuweka ya kwake wengine wanafuata. Anayesubiri simu ya muhimu anasema kabla, ikiita anatoka na maswali yanasimama mpaka arudi. Na wewe msailiwa, kama aliyekuuliza swali ameshika simu katikati ya jibu lako, unaruhusiwa kunyamaza kidogo ukasema kwa upole "nakusubiri mkuu". Hujakosa adabu.

Intavyu ya mtandaoni sitaisema sana, hakikisha bando lipo, simu iegemeze isitikisike, weka isipokee simu nyingine, na umeme ukikatika tuma meseji hapohapo usisubiri kesho.

Kitu kingine, upole wako usigeuzwe mtego. Mwajiri wa kweli hakupigii akakuambia tuma hela ya fomu au ya kupima afya ndo jina lipite. Mtu wa hivyo usimbembeleze wala usiogope kumkatia, meseji yake ipeleke 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli.

Halafu kuna ukimya baada ya usaili. Msailiwa, ujumbe mmoja wa asante unatosha, usipige kila asubuhi. Ila na sisi waajiri, hao tunaowakatalia tunazo namba zao zote, na meseji ya pamoja ya "asante kwa kuja, nafasi amepata mwingine" inaandikwa kwa dakika mbili. Mtu anakaa mwezi mzima anaogopa kuizima simu, anakataa vibarua vingine akijua ataitwa, wakati yule aliyepata kiti ameshaanza kazi wiki ya pili. Kama uko kwenye ofisi inayoajiri na listi ya mwezi uliopita bado unayo, watumie leo.