Siku moja kaunta: “Guangzhou ni masaa mangapi?”

Saa 2 asubuhi. Nafungua ofisi yetu ya tiketi, mtaa wa Rwagasore hapa Mwanza. Kwanza nakagua barua pepe za mabadiliko ya ratiba. Leo hakuna, afadhali.

Saa 3. Anaingia mzee anayeuza mabondo ya sangara, yaani vifuko vya hewa vya samaki, katoka Sengerema. Siku hizi watu wa ng’ambo ile wanawahi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, zile kilomita 3 za maji ni dakika chache tu. Enzi za kivuko, foleni peke yake ilitosha kukukosesha ndege.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Eti Guangzhou, kule China, ni masaa mangapi? Jirani yangu anasema kumi na tano.”

Jirani kasoma tiketi akahesabu vidole. Tuseme ndege inaruka Dar saa 5 usiku, inatua saa 8 na nusu mchana kesho yake. Ni saa 15 na nusu kweli, ila ile saa ya kutua ni ya China, na China wametutangulia saa 5. Hewani unakaa kama saa 10 na nusu. Kurudi ndiko kunachekesha: unaondoka kule saa 10 jioni, unafika Dar saa 4 usiku, siku ileile. Saa 6? Thubutu! Umekaa kitini saa 11, maana upepo wa juu mara nyingi hutoka magharibi, na hapo ndege inapambana nao.

“Sasa kupitia Dar si kuzunguka?”

Natoa tufe langu na kipande cha uzi. Navuta kutoka Mwanza hadi Guangzhou: unakatiza Bahari ya Hindi, unapita juu ya India ya kusini. Kama kilomita 9,130. Mwanza–Dar ni 850, Dar–Guangzhou 8,700. Jumla inazidi kwa 400 na kitu, nusu saa ya ndege kubwa. Mzee anaushika uzi, anaupima upya mwenyewe. Mfanyabiashara huyo.

Kinachokula muda ni kusubiri Dar, na hapo sibishani na mtu: usichukue ndege ya mwisho ya Mwanza ukitegemea kuunganisha usiku huohuo. Wingu likikaa vibaya juu ya ziwa, umeachwa.

Saa 6. Mama anampeleka mgonjwa Mumbai. Kutoka Dar ni kilomita 4,700, kama saa 6. Nampa ya moja kwa moja bila kumuuliza bei, mgonjwa hazungushwi.

Saa 8, ugali na sato, haraka.

Saa 10 mvua inashuka. Ndege ya jioni imechelewa, na simu zote zinaniita mimi kana kwamba mvua nimeileta mimi.

Saa 11 na nusu mzee anarudi kulipia. Kachagua ndege ya asubuhi ya kwenda Dar. Tiketi inasema 08:15, basi namwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: saa 2 na robo ASUBUHI. Asije akanitokea uwanjani saa nane mchana.