Siku tano za Machi

Leo Jumapili sikutoka. Nimefua, nimepika maharagwe, na tangu asubuhi nasikiliza albamu moja tu ya Uncle Tupelo, bendi ya Kimarekani, ile ambayo jina lake ni tarehe: March 16–20, 1992. Siku tano walizokaa studio kule Athens, Georgia, ndizo walizoandika kwenye jalada. Mimi ambaye kila usiku huanza ukurasa wangu kwa kuandika tarehe, jina hilo hunigusa sana.

Nimelelewa na kantri. Kwetu Nakuru, kanda za Jim Reeves zilipigwa mpaka zikaanza kuvuta, nami nikaamini kantri ni sauti ya mtu mzima aliyetulia kitini. Ndiyo maana nilishtuka nilipowasikia vijana hawa wa Belleville, Illinois. Albamu yao ya kwanza, No Depression ya 1990, inakimbia kama panki, ile roki ya kasi na kelele, inakata ghafla, inakimbia tena. Halafu humo humo wanaimba wimbo wa dini ambao Carter Family, kundi la kantri la zamani, waliurekodi 1936, na wanauimba kwa heshima kamili.

Still Feel Gone ikafuata 1991, na magitaa bado yananguruma. Mwaka uliofuata kila lebo ilikuwa ikisaka bendi za roki ya kelele kama zile za mji wa Seattle. Wao wakachomoa nyaya, na hiyo ndiyo albamu ya Machi. Peter Buck, mpiga gitaa wa bendi ya R.E.M., akawa prodyuza, wakashika magitaa makavu na banjo, wakaimba nyimbo za kale za wachimba makaa ya mawe pamoja na zao wenyewe. Katika Moonshiner, wimbo wa mtu ambaye kwetu tungemwita mpika chang'aa, mwimbaji Jay Farrar anaburuta neno la mwisho la mstari mpaka unadhani pumzi itamwishia. Gitaa halimharakishi. Nimeurudia mara sita leo.

Mike Heidorn, mpiga dramu tangu mwanzo, aliondoka mwaka huo huo. Anodyne ya 1993, waliyorekodi Austin, Texas, wote wakipiga kwa pamoja chumba kimoja, ndiyo ikawa ya mwisho. Farrar na Jeff Tweedy, waimbaji wawili wa bendi na marafiki tangu sekondari, walikuwa wamefika mahali pa kutoongea. Tarehe 1 Mei 1994 wakapiga shoo ya mwisho St. Louis. Mwaka uliofuata kila mmoja alikuwa na albamu ya bendi yake mpya: Tweedy na Wilco, Farrar na Son Volt. Nazipenda zote mbili, lakini huwa nawatafuta wale wawili wakiwa kwenye maikrofoni moja, na hawapo.

Jioni nilimpigia Baba, nikaiweka simu karibu na spika. Alisikiliza Moonshiner mpaka mwisho.

"Huyu mzee ni wa wapi?"

"Si mzee, Baba. Hapo alikuwa na miaka 25."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nirudishe mwanzo.